Gazeti la walowezi: Miaka 17 ya Deutsch-Ostafrikanische Zeitung

Februari 1899 mji wa Dar es Salaam ulipata gazeti ambalo wakazi wake wengi hawakuweza kulisoma. Sokoni na bandarini watu walisema Kiswahili. Wafanyabiashara wa Kihindi waliandika hesabu zao kwa Kigujarati, na wazee wa pwani waliandikiana barua kwa herufi za Kiarabu. Gazeti hilo jipya lilitoka kwa Kijerumani na liliitwa Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, maana yake Gazeti la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwanzilishi na mhariri wake alikuwa Willy von Roy.

Lilidumu mpaka mwaka 1916. Katika miaka hiyo 17 walipita magavana wanne, vita vya Maji Maji vikapiganwa na kuzimwa kwa damu na njaa, reli ya kati ikatoka Dar es Salaam ikafika Kigoma, mkonge ukatawala mashamba ya Tanga, na mwishowe Vita Kuu ya Kwanza ikaufuta utawala wenyewe uliolizaa gazeti hilo. Yote hayo yaliandikwa wiki kwa wiki, yangali moto, na watu ambao hawakujua mambo yangeishaje.

Watanzania wachache wamewahi kuliona, na wachache zaidi wameweza kulisoma. Hilo ni pengo kubwa, kwa sababu kurasa hizo zinahusu ardhi, kodi, kazi na vifo vya babu zao, na zimeandikwa na watu waliokuwa na sauti kubwa katika kuamua mambo hayo.

Mji mchanga, wasomaji wachache

Dar es Salaam ya 1899 ilikuwa ingali ndogo. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuijenga katika miaka ya 1860, akafariki mwaka 1870 kabla ya kazi kukamilika, na kwa takriban miaka 20 majumba yake yakabaki yakichakaa. Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Gazeti lilipoanza, makanisa mawili ambayo hadi leo yanatazama bandari, lile la Kilutheri la Azania Front na lile la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, yalikuwa bado yanajengwa. Gavana alikuwa Eduard von Liebert, mwanajeshi.

Wazungu waliokuwapo walikuwa mamia tu. Hata mwaka 1913, koloni lilipofikia kilele cha ustawi wake, Wazungu wa kila taifa walizidi kidogo tu 5,000 katika nchi iliyokadiriwa kuwa na watu milioni saba na nusu. Tena si wote waliokuwa Wajerumani. Walikuwamo Wagiriki waliofuata kazi za reli, Makaburu waliokuja na mikokoteni yao mpaka Meru, na wamisionari kutoka mataifa mbalimbali. Walowezi wenye mashamba, ambao gazeti liliwatetea kwa nguvu zote, walikuwa sehemu ndogo ya hao wachache.

Soko la namna hiyo lingetosha kwa jarida la klabu. Lakini kundi hilo dogo lilikuwa na mambo mawili ambayo mamilioni ya wenyeji hawakuwa nayo. Lilikuwa na njia ya kusikika Berlin, ambako wabunge wa Reichstag walijadili bajeti ya makoloni kila mwaka, na lilikuwa na jamaa na wadai wake Hamburg waliotaka kujua fedha zao zinazaa nini. Nakala iliyochapwa Dar es Salaam ilipakiwa kwenye meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1890, ikapita Mfereji wa Suez na kusomwa kwenye ofisi za Ujerumani wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo malalamiko ya mlowezi mmoja wa Usambara yaliweza kugeuka hoja ya mbunge.

Bara, gazeti lilisafiri kwa reli mpaka pale reli ilipokomea, kisha likabebwa na matarishi na wapagazi. Mtu aliyeufikisha mzigo huo wa karatasi katika boma la mbali alikuwa Mwafrika, na ndani ya mzigo huenda kulikuwa na makala inayodai kwamba watu wa aina yake ni wavivu na wanastahili kulazimishwa kazi.

Kurasa zake zilibeba nini

Mwanzoni gazeti lilitoka mara moja kwa wiki, baadaye likawa linatoka mara mbili. Lilikuwa na tahariri, barua za wasomaji, habari za wilayani, ratiba za meli, majina ya abiria waliowasili na walioondoka, bei za mazao, matangazo ya minada, na nyongeza za hadithi za kusoma jioni. Serikali nayo ilikuwa na tangazo lake rasmi, Amtlicher Anzeiger für Deutsch-Ostafrika, lililoanza mwaka 1900 na kusambazwa pamoja na gazeti hilo. Humo zilichapishwa amri na sheria ndogo, uteuzi wa maofisa na maombi ya ardhi.

Kazi za serikali zilikuwa mhimili wa biashara yoyote ya uchapaji katika mji kama huo. Wanunuzi peke yao wasingeweza kulipia karatasi, wino na mtambo vilivyoletwa kwa meli kutoka Ulaya. Matangazo ya maduka ya Kijerumani, hoteli, mawakala wa meli na wauza vinywaji yalisaidia, lakini mwenye fungu kubwa la fedha katika koloni alikuwa serikali yenyewe. Mhariri aliyetaka kumshambulia gavana alijua kwamba anamshambulia mteja wake.

Habari za dunia zilifika kwa waya. Tangu mwaka 1890 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari uliunganisha Zanzibar na Bagamoyo na Dar es Salaam, na Zanzibar iliunganishwa na ulimwengu. Waya huo ulikuwa wa kampuni ya Kiingereza. Gazeti lililojaa fahari ya dola ya Kaizari lilipata habari za siku kwa hisani ya Waingereza, jambo ambalo halikuleta shida yoyote mpaka Agosti 1914.

Kwa mtafiti wa leo, sehemu zenye manufaa zaidi mara nyingi ni zile ambazo wahariri wenyewe hawakuzipa uzito. Tangazo la shamba linalouzwa hutaja ukubwa wake, mto unaopita jirani na idadi ya vibarua. Orodha ya maombi ya ardhi huonyesha lini bonde fulani lilianza kuchukuliwa na nani. Ratiba ya meli huonyesha mazao yaliyosafiri. Tangazo la mnada wa mali ya mdaiwa hufunua biashara iliyoporomoka. Tahariri zilitaka kumshawishi msomaji; matangazo yalitaka kuuza tu, na kwa sababu hiyo yanaaminika zaidi.

Wenyeji walikuwamo kila ukurasa, lakini kwa nadra kama watu wenye majina. Waliitwa vibarua, mabawabu, wapagazi, askari, washenzi, na mara nyingi walijumlishwa kuwa tatizo moja kubwa ambalo gazeti lililizungumzia bila kuchoka: tatizo la wafanyakazi.

Maji Maji kama ilivyosomwa mezani

Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, katika nchi ya Wamatumbi, waling'oa miche ya pamba kwenye shamba walilolazimishwa kulilima. Siku chache baadaye, tarehe 4 Agosti, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyekuwa akigawa maji ya dawa na kuwaunganisha watu wa makabila mbalimbali, alinyongwa. Vita vikasambaa toka Umatumbi hadi Uzaramo, Ungindo, Mahenge, Ungoni na kwingineko. Tarehe 14 Agosti askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na wenzake wakiwa safarini Liwale. Boma la Liwale likaanguka.

Kwa wasomaji wa Deutsch-Ostafrikanische Zeitung hizo zilikuwa wiki za hofu. Mapigano yalikuwa karibu na mji mkuu, meli za kivita ziliitwa, na askari wa majini wakaletwa kutoka Ujerumani. Kila telegramu ilisubiriwa. Kisha hofu ilipopungua, swali likageuka: nani alaumiwe?

Gavana Gustav Adolf von Götzen na maofisa wake waliegemea maelezo ya waganga na ushirikina. Maelezo hayo yaliwafaa, kwa kuwa yaliwaepusha kuulizwa habari za kodi, za maakida na za mashamba ya pamba ya lazima, mpango ambao serikali ya Götzen yenyewe iliuanzisha mwaka 1902. Walowezi nao walikuwa na lawama zao dhidi ya serikali. Wao walitaka wenyeji wafanye kazi katika mashamba ya Wazungu, na mashamba ya pamba ya vijiji yalikuwa yakishindana nao kwa vibarua. Mabishano yote hayo yalifanywa kwa Kijerumani, baina ya Wajerumani, wakati Umatumbi na Ungoni chakula kilikuwa kikichomwa moto.

Wakuu wa Kijerumani wenyewe baadaye walikiri vifo vya watu 75,000. Wanahistoria waliochunguza zaidi, akiwamo Mtanzania Gilbert Gwassa, wamefikia makadirio ya watu 250,000 hadi 300,000, wengi wao wakifa kwa njaa iliyofuata. Songea, wakuu na wapiganaji wa Wangoni walinyongwa tarehe 27 Februari 1906, siku ambayo inaadhimishwa huko mpaka leo.

Taarifa za upande wa pili zilihifadhiwa kwa njia nyingine. Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini alizitungia utenzi, nao ulichapishwa mwaka 1957, nusu karne baada ya vita. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokuwa hai wakati wa vita, kwa mradi uliosimamiwa na Gwassa pamoja na mwanahistoria mwenzake John Iliffe. Ushahidi wa wazee ulieleza yale ambayo gazeti la mwaka 1905 halikuwahi kuyauliza: nani alipigwa shambani, nani alinyimwa ujira, nani aliinyunyiza dawa na kwa maneno gani. Ukiviweka vyanzo hivyo vitatu pamoja, yaani gazeti, utenzi na masimulizi ya wazee, unaanza kuona vita vyote kwa ukamilifu, pamoja na jinsi kila upande ulivyojieleza.

Gavana na mhariri

Baada ya Götzen alikuja Albrecht von Rechenberg, aliyeshika ugavana kuanzia mwaka 1906. Hakuwa mgeni pwani. Alikuwa amewahi kufanya kazi ya uhakimu Tanga na ya ukonsuli Zanzibar, na alikijua Kiswahili. Vita vya Maji Maji vilimfundisha kwamba koloni haliwezi kujengwa kwa kuwasukuma watu mpaka waasi. Akaamua kwamba uchumi usimame juu ya mkulima mwenyeji anayelima karanga, pamba na kahawa katika ardhi yake na kuuza kwa mfanyabiashara wa Kihindi. Reli iende Tabora, katikati ya Wanyamwezi, mahali penye watu na mazao.

Walowezi waliona kwamba amewageuka. Mkulima aliyejipatia rupia zake za kodi kwa kuuza karanga hakuwa na sababu ya kwenda kukata mkonge kwa ujira mdogo. Walidai reli za mashamba yao ya kaskazini, ardhi zaidi, vibarua zaidi, na sauti kubwa zaidi katika baraza la ushauri la gavana. Walidai pia wasiingiliwe katika adhabu walizowapa wafanyakazi wao.

Jambo hilo la adhabu lilifika Berlin kwa njia ambayo walowezi hawakuitegemea. Mwaka 1907 waziri wa makoloni, Bernhard Dernburg, alitembelea Afrika Mashariki. Aliporejea aliwaeleza wabunge kwamba ilimchukiza kuwaona Wazungu wengi wakitembea barabarani na viboko mkononi. Kanuni zilizokuwapo tangu 1896 ziliruhusu viboko 25 kwa mara moja, na hivyo ndivyo vilivyotolewa kila siku katika maboma. Dernburg na Rechenberg hawakuvifuta. Walijaribu kuvipunguza na kuvidhibiti, na hilo tu lilitosha kuwasha moto.

Deutsch-Ostafrikanische Zeitung likawa silaha ya walowezi. Von Roy alimshambulia gavana kwa sera za kazi, kwa kuwapendelea Wahindi, kwa reli, kwa kila jambo. Serikali nayo haikukaa kimya. Mwaka 1908 gazeti la pili la Kijerumani, Deutsch-Ostafrikanische Rundschau, lilianza kutoka Dar es Salaam likiunga mkono sera za gavana. Mji wenye Wazungu wachache sasa ulikuwa na magazeti mawili ya Kijerumani yanayogombana.

Ugomvi uliendelea kushuka hadhi. Kutoka kwenye sera ulihamia kwenye maisha ya faragha ya gavana, na tuhuma zilizohusu mahusiano yake na watumishi wake zikaenezwa. Mambo yakaishia mahakamani, katika kesi za kashfa zilizozungumzwa mpaka Ujerumani mwaka 1910. Katika sakata hilo, Waafrika waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu waliingizwa kama mashahidi na kama mada ya umbea, wakitumiwa na kambi mbili ambazo hakuna hata moja iliyojali heshima yao.

Rechenberg aliondoka koloni, na mwaka 1912 nafasi yake ikashikwa na Heinrich Schnee, gavana wa mwisho. Rundschau nalo likafungwa mwaka huohuo. Gazeti la walowezi likabaki peke yake tena mjini.

Anayesoma ugomvi huo leo anapaswa kujihadhari na kosa moja, nalo ni kumwona Rechenberg kuwa mtetezi wa Waafrika kwa kuwa tu maadui zake walikuwa wakali zaidi. Chini ya utawala wake, huko Usambara, wilaya ya Wilhelmstal ambayo leo ni Lushoto, ilianzishwa kadi ya kazi iliyomlazimisha mwanaume kufanya kazi siku 30 kwa Mzungu katika kipindi cha miezi minne. Kodi iliendelea kukusanywa na kiboko kiliendelea kutumika. Tofauti kati ya gavana na walowezi ilihusu namna ya kufaidi nguvu za wenyeji. Haki ya Mjerumani kuzifaidi haikuwa katika mjadala.

Tanga: magazeti mawili, mji mmoja

Tanga ilikuwa na dunia yake. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 ilinusurika 62. Kutokana na hiyo michache yalitokea mashamba yaliyouza nje zaidi ya tani 20,000 mwaka 1913. Reli ya Usambara ilianza kujengwa mwaka huohuo wa 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi miaka michache kabla ya vita. Wenye mashamba wa kaskazini walikuwa na gazeti lao, Usambara-Post, lililotoka Tanga tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, likitetea maslahi yao kwa ukali usiopungua ule wa Dar es Salaam.

Katika mji huohuo, shule ya serikali ilikuwa na mtambo wake wa kuchapa. Kuanzia mwaka 1904 ilitoa gazeti la kila mwezi la Kiswahili, Kiongozi. Hapo kijana wa pwani alifundishwa kupanga herufi za risasi moja moja na kutoa ukurasa mzima unaosomeka kwa lugha yake.

Halikuwa gazeti la kwanza la Kiswahili. Wamisionari wa Kianglikana walikwisha kutoa Msimulizi Kiungani, Zanzibar, mwaka 1888, na baadaye Habari za Mwezi huko Magila. Mwaka 1910 yakaongezeka Pwani na Bara la Walutheri na Rafiki Yangu la Wakatoliki. Lakini Kiongozi lilikuwa na sura tofauti. Lilikuwa la serikali, halikuwa la dhehebu lolote, na liliwafikia makarani, walimu, maakida na maliwali, Waislamu kwa Wakristo. Waliandika barua kutoka wilayani kwao wakieleza mvua, mavuno, simba, misiba, sherehe na safari za wakubwa.

Lilimsifu Kaizari, kwa kuwa lilikuwa mali ya serikali yake. Mwandishi wa Kiongozi hakuweza kuandika kwamba kodi ni nzito au kwamba akida ni mwonevu. Hata hivyo lilifanya jambo ambalo gazeti la von Roy halikulifanya: liliwachapisha Waafrika kwa majina yao, wakieleza mahali wanapoishi. Karani wa Tabora aliweza kusoma habari za Lindi, na mwalimu wa Pangani akajua nini kimetokea Mwanza. Watu ambao hawajawahi kuonana walianza kuizoea nchi moja kwa lugha moja, miaka mingi kabla ya kuwapo chama cha siasa.

Ukilinganisha magazeti hayo ya Tanga na Dar es Salaam, unaona koloni lilivyogawanyika katika kusoma na kuandika. Kwa Kijerumani palikuwa na uhuru mpana wa kugombana na serikali, lakini kwa watu wachache tu. Kwa Kiswahili palikuwa na wasomaji waliosambaa nchi nzima, lakini bila ruhusa ya kulalamika. Mlowezi aliweza kumtukana gavana gazetini. Mwalimu wa Kiongozi aliweza kumsalimu tu.

Vita vyakata waya

Kwa Agosti 1914 Dar es Salaam ilikuwa imepanga sherehe kubwa. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka huo, na maonyesho ya kilimo na biashara yalitayarishwa ili kuionyesha dunia mafanikio ya koloni. Wageni kutoka Ujerumani walikwisha kuanza kuwasili. Badala ya maonyesho vikaja vita. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea ilishambulia mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam.

Kwa gazeti, huo ulikuwa mwanzo wa mwisho. Waya wa Zanzibar haukupatikana tena, kwa kuwa ulikuwa mikononi mwa adui. Meli za Hamburg hazikuja, na pamoja nazo karatasi, wino, barua na matangazo ya bidhaa. Serikali ya Schnee ilihamia Morogoro, na baadaye Tabora. Ushindi wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani, mjini Tanga, Novemba 1914, uliwapa wasomaji wa Kijerumani furaha, lakini koloni lilikuwa limefungiwa pande zote.

Mitambo ya kuchapa ilipata kazi mpya. Fedha zilipokwisha, mwaka 1915 zilianza kuchapwa noti za dharura nchini humohumo, kwenye karatasi za kila aina. Vuga, kwenye milima ya Usambara, wamisionari walichapa stempu mwaka 1916 ambazo hazikuwahi kutumika. Zilizikwa ardhini na kufukuliwa mwaka 1921. Tabora, karakana ya reli ilifua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Mambo hayo yanaonyesha nchi ilivyobanwa, hata fedha, stempu na habari vikawa vya kujitengenezea.

Waingereza waliingia Dar es Salaam mapema Septemba 1916. Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, Usambara-Post na Kiongozi yote yalikoma mwaka huo. Wakati magazeti yanasimama, vita bado viliendelea kusini kwa miaka miwili zaidi, vikiwaua wapagazi kwa maelfu mengi, na hapakuwapo tena gazeti la Kijerumani wala la Kiswahili la kuandika habari zao.

Wajerumani wengi walirudishwa kwao baada ya vita na mashamba yao yakauzwa kama mali ya adui. Waliruhusiwa kurejea mwaka 1925, na wengi wakarejea, lakini hawakuwa tena wenye nchi. Namibia mambo yalikwenda vingine. Huko Wajerumani wengi walibaki, na gazeti lililoanza Windhoek mwaka 1916 kwa jina la Der Kriegsbote linaendelea kuchapishwa hadi sasa kwa jina la Allgemeine Zeitung. Tanganyika ilifuata njia ya Kiswahili: Mambo Leo la idara ya elimu mwaka 1923, kisha Kwetu la Erica Fiah mwaka 1937, ambamo Mwafrika hatimaye aliweza kuikosoa serikali katika gazeti lake mwenyewe. Makarani na walimu waliolizoea Kiongozi walikuwa miongoni mwa wasomaji tayari wa magazeti hayo.

Kazi iliyobaki

Leo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzifungua kurasa za Deutsch-Ostafrikanische Zeitung. Maktaba ya Taifa ya Berlin imezipiga picha na kuziweka wazi bila malipo. Dar es Salaam kwenyewe, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inatunza majalada ya utawala wa Kijerumani, ambayo mara nyingi yanagusa mambo yaleyale: ombi la ardhi lililotangazwa gazetini lina faili lake, na kesi iliyoripotiwa ina barua zake.

Kilichobaki ni kusoma, na hapo ndipo penye ugumu. Lugha ni Kijerumani cha zaidi ya karne moja iliyopita, na herufi ni zile za zamani ambazo hata Mjerumani kijana wa leo hujikwaa nazo. Mwanafunzi wa historia wa Kitanzania anayetaka kuandika kuhusu wilaya yake wakati wa Wajerumani hulazimika kutegemea vitabu vya Kiingereza au Kijerumani vilivyoandikwa na wageni, waliochagua kwa niaba yake kipi kina maana. Baadhi ya kazi hizo ni bora sana. Hilde Lemke, kwa mfano, aliandika tasnifu yake Leipzig mwaka 1929 kuhusu magazeti ya Kiswahili ya wakati wa Wajerumani, na mpaka leo wanaoshughulika na Kiongozi wanaitegemea. Lakini mtafiti wa Leipzig hana sababu ya kutafuta jina la babu aliyeombewa ardhi Handeni, au la kijiji cha Kilwa kilichofutika.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Kijerumani kinafundishwa Dar es Salaam, ikiwamo katika Goethe-Institut. Herufi za zamani mtu huzizoea kwa muda mfupi akikazana. Hatua ya kwanza inayofaa ni faharasa ya Kiswahili: kila toleo lipitiwe, majina ya mahali, watu, mashamba, mazao na kesi yaandikwe pamoja na tarehe na ukurasa. Ya pili ni kuyaweka matoleo ya Kiongozi ya miezi ileile kando ya yale ya Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, ili msomaji aone tukio moja kwa macho ya mlowezi na kwa macho ya mwalimu wa pwani. Ya tatu ni kutafsiri habari zilizochaguliwa za miaka ya 1905 hadi 1907 kwa ajili ya shule za sekondari za Kilwa, Liwale, Mahenge na Songea, ambako wanafunzi wanasoma Maji Maji katika kurasa chache za kitabu cha kiada huku wakiishi hatua chache kutoka mahali ilikopiganwa.